Maswali na Majibu: Saa ya Kompyuta Isiyokaa Sawa

Swali: Kila asubuhi nikiwasha kompyuta nakuta tarehe ya miaka mingi nyuma. Narekebisha, kesho yake hali ni ileile. Ni virusi?

Jibu: Ni betri. Nimeshalijibu hili mara nyingi, na bado watu wanapanga saa kwa mkono kila siku badala ya kutibu ugonjwa. Juzi nilifungua mashine ya mtu aliyebandika karatasi kwenye skrini: "Rekebisha saa kwanza." Ameishi hivyo miezi.

Kwenye bodi kuu kuna betri bapa kama kifungo, mara nyingi CR2032 ya volti 3, upana milimita 20. Ndiyo inayoendesha saa mashine ikiwa haina umeme. Zima, chomoa waya, gusa chuma cha kasha ili umeme tuli ukutoke, kisha sukuma kilimi kilicho pembeni ya betri, itanyanyuka yenyewe. Mpya iingie alama ya kujumlisha ikiwa juu. Ukiwasha, ingia BIOS, yaani programu ya msingi ya bodi inayoanza kabla ya Windows, upange tarehe, na ukague mipangilio mingine, kwani huenda nayo imefutika. Kwenye laptopu betri hiyo huwa na waya wake, na nyingine hazina kabisa, kwa hiyo usifungue kwa kubahatisha.

Ile ya zamani usiiache mezani. Mtoto akiimeza, inaweza kumuunguza koo ndani ya saa 2. Mkimbize hospitali bila kungoja dalili.

Swali: Dakika zinalingana na za simu, ila kompyuta iko nyuma kwa saa mbili kamili.

Jibu: Umechagua saa za eneo lisilo lako. Badilisha eneo, usiguse saa.

Swali: Nina Windows na Linux kwenye mashine moja. Nikitoka Linux, saa ya Windows inaharibika. Nimeshanunua betri mbili.

Jibu: Pole kwa hizo betri. Ungetazama tofauti tu ungejua: kama ni saa kamili zilezile kila mara, betri haihusiki. Mifumo yote miwili husoma saa moja iliyo kwenye bodi, lakini Windows huihesabu kuwa saa ya mahali ulipo, na Linux huihesabu kuwa UTC, yaani saa rasmi ya dunia isiyofuata eneo lolote. Kila mmoja akisahihisha, anamvurugia mwenzake.

Unaweza kuilazimisha Linux ifuate Windows kwa amri ya timedatectl set-local-rtc 1, ingawa amri yenyewe itakuonya. Mimi nashauri kinyume chake: kwenye Rejista ya Windows, hifadhi ya mipangilio yake ya ndani, weka thamani ya RealTimeIsUniversal iwe 1. UTC haisogezwi mbele wala nyuma majira yakibadilika. Fanya moja tu. Ukifanya zote mbili, umerudi kwenye ugomvi uleule.

Swali: Betri mpya, eneo sahihi, lakini saa inachelewa sekunde kadhaa kila wiki.

Jibu: Kawaida. Saa hiyo hufuata kristali inayotetema mara 32,768 kwa sekunde, na ikikosea sehemu 20 tu katika milioni, unapoteza sekunde 1.7 kwa siku. Washa usawazishaji wa intaneti. Usawazishaji ukigoma, angalia kama ngome ya mtandao (firewall) imefunga UDP 123, mlango unaopitisha saa ya intaneti.

Swali: Kivinjari kinasema tovuti ya benki si salama. Rafiki amesema nibonyeze "endelea" tu.

Jibu: Usiendelee! Ushauri huo unaniudhi kuliko yote. Cheti cha tovuti kina tarehe ya kuanza na ya kwisha. Saa yako ikiwa mwaka mwingine, hata cheti halali kitakataliwa. Tengeneza saa, ufungue upya. Onyo likibaki na saa iko sawa, funga ukurasa huo, usiandike nywila yoyote. Ukizoea kuruka onyo kwa sababu ya saa mbovu, siku ya mwizi utaliruka vilevile.

Swali: Kuna programu ya bure ya kurekebisha saa. Niipakue?

Jibu: Hapana. Mfumo wako tayari unaifanya kazi hiyo.