Kabla hujawapima wasomaji wa eksirei

Wewe unayeanza kazi hii, kwanza achana na asilimia ya majibu sahihi. Chukua picha 100 za kifua, ambapo 5 tu zina ugonjwa. Msomaji akiandika "salama" kwenye zote bila hata kuzitazama, atapata 95. Mimi nilianza na hesabu hiyohiyo, nikamsifu mtu aliyekuwa akiviruka vivimbe.

Tenganisha mambo mawili: kati ya wagonjwa amewagundua wangapi, na kati ya wazima amewaacha wangapi bila kusema ni wagonjwa. Hata hapo kuna mtego. Wasomaji wawili wenye uwezo sawa wa kuona watakupa takwimu tofauti, kwa sababu mmoja hutilia shaka kila kivuli na mwenzake hasemi mpaka awe na hakika. Kwa hiyo usiwaulize ndiyo au hapana. Waulize wana uhakika kiasi gani, kuanzia 1 hadi 5. Mipaka kati ya ngazi hizo 5 hukupa nukta 4, kila moja ikilinganisha wagonjwa waliogunduliwa na wazima waliodhaniwa wagonjwa, na ukiziunganisha unapata mchoro uitwao mkunjo wa ROC, mbinu iliyozaliwa kwenye rada za Vita Kuu ya Pili na ambayo Lee Lusted, daktari wa Marekani, aliiingiza katika radiolojia. Eneo chini ya mkunjo likiwa 0.5, msomaji anabahatisha tu. Likikaribia 1, anaona kweli.

Dai pia aweke alama mahali penyewe. Akisema kuna kivimbe huku akionyesha pafu lisilo nacho, hajagundua kitu.

Kazi iliyonila muda zaidi ni kuujua ukweli wa kila picha. Usiutoe kwa wasomaji walewale unaowapima, wala kwa daktari mmoja kwa kuwa ni mkubwa wao. Tafuta picha za CT, zinazoonyesha mwili kipande kwa kipande, majibu ya maabara ya kinyama kilichokatwa, au kumbukumbu za mgonjwa za miezi iliyofuata. Ila ukitupa kila picha yenye utata utabaki na zile rahisi, na hapo kila mtu ataonekana hodari.

Mwisho, wape picha zilezile tena baada ya wiki kadhaa, mpangilio ukiwa umebadilishwa. Miaka ya 1940 huko Marekani, madaktari waliorudishiwa filamu za kifua walizokwisha kuzisoma walipingana na majibu yao wenyewe, na walikuwa watu makini.