Shangazi, mke wangu amegundua nimepanga Mikocheni

*Shangazi, shikamoo. Nina miaka 36, naishi Kimara na mke wangu na watoto wawili. Wa pili ana miezi mitatu. Mama mkwe yupo tangu mke wangu ajifungue. Kazini ni Posta. Kwa sababu ya foleni na kelele za nyumbani nimepanga studio Mikocheni, mtaa umetulia sana, laki tatu na nusu kwa mwezi, nimelipa miezi sita. Mwenye nyumba hataki familia, hivyo kwenye mkataba nimejaza kwamba sijaoa. Nimeweka kitanda cha sita kwa sita na friji ndogo tu. Nalala huko siku tatu kwa wiki, nyumbani nasema nina zamu ya usiku. Sasa mke wangu amepekua simu akaona meseji ya LUKU. Amenuna, na mama yake anamchochea. Nifanyeje aelewe kwamba mwanaume anahitaji utulivu? – Baba Wawili, Kimara.*

Marahaba mwanangu. Usiku wenye mtoto wa miezi mitatu haulaliki, pole. Na pole yangu inaishia hapo.

Foleni iache, usinitanie. Kimara hadi Posta mwendokasi inapita kwenye njia yake tangu 2016. Najua vituoni mnasukumana, lakini kutoka Mikocheni unajipanga barabara moja na watu wote wa Tegeta na Mwenge. Aliyechoshwa na foleni angetafuta chumba Upanga aende kazini kwa miguu. Wewe umefuata mtaa usio na anayekujua.

Mkeo hakupekua chochote. Mwanamke anayenunua umeme wa nyumba anaijua namba ya mita yake kama tarehe ya kuzaliwa ya mwanawe, na meseji ikija na namba nyingine anauliza. Njia ya mwongo ni fupi. Yako imeishia kwenye tokeni.

Tupige hesabu. Miezi sita ni 2,100,000. Dalali naye hakukuonyesha chumba kwa thawabu, amechukua kodi ya mwezi mmoja: 2,450,000, kitanda na friji bado. Kama unaacha elfu kumi ya matumizi kila asubuhi, hiyo ni meza ya siku 245. Umeila peke yako, na aliyetoka kujifungua anakunywa uji uliopikwa na mama yake. Halafu mama huyo ndiye mchochezi! Angekuwa mchochezi, mwanawe angekuwa ameshafika baraza la usuluhishi la ndoa, na Sheria ya Ndoa ya 1971 ingemsikiliza, maana inamtaka mume ampe mkewe malazi, chakula na mavazi kwa kadiri ya uwezo wake. Uwezo wako tumeshauona.

Kinachoniuma zaidi ya fedha ni ule mkataba. Kuna karatasi Mikocheni yenye saini yako inayosema huna mke. Hiyo umeiandika kwa mstari mmoja, ukaendelea na habari za friji.

Siku hizi kila mtu anataka "nafasi yake". Baba zenu nao walizikimbia kelele, lakini waliketi barazani, wakacheza bao mbele ya macho ya watu, na mtoto akilia zaidi walitumwa dukani. Vijana wa leo mnanunua ukimya kwa mkataba na geti. Na mabinti msicheke, maana nanyi mna vyumba vyenu vya "kusomea masters".

Fanya hivi. Leo usiende kwenye "zamu". Mweleze mkeo kila kitu, mkataba ukiwa mkononi, kabla hajakuuliza. Mwone mwenye nyumba, mwambie una mke, na uombe kumwachia mpangaji mwingine miezi iliyobaki. Akikataa, hasara ni yako. Wakati unasubiri jibu, funguo mpe mkeo. Aende na mtoto anayenyonya, mama yake amsaidie, walale hapo kwenye utulivu. Wewe baki Kimara na yule mkubwa, ufue na nepi zilizobaki kwenye beseni.

Tena, kitanda cha sita kwa sita kwa mtu mmoja? Kama kuna uliyekuwa unalala naye hapo, kapime kwanza kabla hujamgusa mama anayenyonyesha.