Mac Iliyotumika au Kompyuta ya Mezani ya Windows?

SWALI: Habari za kazi. Nafanya video za harusi na send-off hapa Morogoro, nahariri kwa Premiere Pro ya kulipia. Nina milioni moja na nusu. Muuzaji mmoja ana MacBook Air ya M1, RAM 8GB, diski 256GB, kwa 1,400,000. Mwingine ana Dell OptiPlex ndogo, Core i5 kizazi cha 8, RAM 16GB, kwa 600,000, anasema kadi ya grafiki nitaongeza mwenyewe. Kamera yangu ni Sony a6400, ila kwenye sherehe kubwa nakodi A7 IV. Nichukue ipi?

JIBU: Anza na faili linalotoka kwenye kamera, nembo baadaye. a6400 hurekodi 4K ya 8-bit (kina cha rangi), 4:2:0 (kiasi cha taarifa za rangi kinachohifadhiwa). Hiyo i5 ina sehemu maalumu ndani yake ya kufungua video za namna hiyo, kwa hiyo kazi itakwenda. Shida ni A7 IV. Ukiiweka kwenye 10-bit 4:2:2, yenye taarifa nyingi zaidi za rangi, si i5 ya kizazi hicho wala kadi ya GTX 1650 inayoweza kuifungua kwa chipu. Mzigo wote unaangukia prosesa: sauti inaendelea, picha inagandaganda. M1 inafungua HEVC (mbano wa video, H.265) ya 4:2:2 bila jasho, na hapo ndipo bei yake inapoeleweka.

Lakini je, harusi inahitaji 4:2:2? Mara nyingi hapana. Weka A7 IV kwenye XAVC S 4K (muundo wa faili wa Sony), 25p (picha 25 kwa sekunde), 4:2:0 8-bit, na a6400 nayo iwe 25p, video za kamera mbili zitakaa pamoja vizuri. Usitumie S-Log3 (rangi zilizofifia za Sony, za kusahihishwa baadaye) hapo. Kwenye 8-bit kuta nyeupe za ukumbi hutoka na michirizi ukianza kusahihisha rangi. Mteja aking'ang'ania 10-bit, tengeneza proksi (nakala nyepesi za kuhariria) usiku: ProRes Proxy ya 1080p hula takriban 17GB kwa saa moja ya video.

Kwa hiyo tungechukua Dell, ila tahadhari na hiyo kadi. OptiPlex ndogo ya kizazi hicho ina paua saplai ya wati 200, haina waya wa ziada wa kulisha kadi, na hupokea kadi fupi (low profile) tu. Tafuta GTX 1650 isiyo na tundu la waya au RTX 3050 ya 6GB (wati 70), zote za umbo fupi. RTX 3050 ya 8GB ni kitu kingine, inataka waya. Wauzaji huzichanganya, wakati mwingine kwa makusudi. Ukipungukiwa, kadi ingoje. Skrini, SSD na UPS haziwezi kungoja, maana umeme ukikatika katikati ya kazi laptopu ina betri, Dell haina. Hakikisha pia muda wa kujihifadhi kwenye Premiere ni dakika 5.

Na ile Air? Haina feni, kwa hiyo ukitoa video ndefu inapata joto na kujipunguza kasi. RAM haiongezeki. Fungua Premiere, After Effects na kivinjari kwa pamoja, kisha tazama Activity Monitor: grafu ya Memory Pressure ikiwa ya njano au nyekundu, RAM imeanza kuzidiwa. Halafu 4K ya 100Mbps ni 45GB kwa saa, basi sherehe ya saa nne haikai kwenye 256GB. Utahitaji SSD ya nje, tena ya exFAT (mfumo wa diski unaoandikika kwenye Mac na Windows), kwani diski ya NTFS (mfumo wa Windows) Mac huisoma tu bila kuiandikia. Ukiwa kwenye exFAT usichomoe bila kuieject, faili zinaweza kuharibika.

Kama unahariri safarini au kwenye nyumba za wateja, hesabu inageuka: chukua Air, bora yenye 16GB hata ukisubiri miezi miwili.

SWALI: Nimepata MacBook Pro ya 2019, i7, RAM 16GB, bei rahisi kuliko M1. Kuna ubaya?

JIBU: Upo. Ni ya Intel, na macOS Tahoe ya 2025 ndiyo ya mwisho kwa Mac za Intel. Iache.

Hata ukienda kununua M1, usilipe kwa kuiona imewaka tu. Mwombe muuzaji aifute mbele yako, iunganishe na intaneti ya simu yako, kisha fuata hatua zote mpaka ufike kwenye desktopu. Ikidai Apple Account (zamani Apple ID) ya mtu mwingine, imefungwa. Ikileta ukurasa wa Remote Management, bado inasimamiwa na kampuni au shule, na fundi akikuambia ataondoa, itarudi siku ukiifuta tena. Mwisho fungua System Information, sehemu ya Power, usome Cycle Count (mizunguko ya chaji). Betri hizo zimepimwa kwa mizunguko 1,000. Ikiwa imefika 800, omba upunguziwe bei ya betri mpya.

SWALI: Natengeneza biti kwa FL Studio. Nihamie Mac?

JIBU: Kwa FL Studio pekee, hapana. Leseni moja inafanya kazi kwenye Windows na Mac. Sababu ya kuhama ingekuwa Logic Pro, programu ya muziki ya Apple, ambayo haipo Windows. Kama tatizo lako ni sauti kuchelewa unaporekodi, tumia draiva ya ASIO (hupitisha sauti haraka kwenye Windows) ya kifaa chako cha sauti na uweke bafa (akiba ndogo ya sauti) 256. Kwenye 48kHz hiyo ni kama milisekunde 5. Ikianza kukwaruza, panda hadi 512 wakati wa kuchanganya sauti.