Usiitaje Wingless mapema: kupima heparani salfeti kwenye kiinitete cha nzi wa matunda

Kiinitete cha Drosophila (nzi wa matunda) kilichokosa sulfateless (sfl) au sugarless (sgl), jeni zinazohitajika kutengeneza heparani salfeti, yaani minyororo ya sukari inayoshikamana na baadhi ya protini, hujaa vijino tumboni, pale ambapo mistari ya vijino na ngozi laini ingepishana. Wengi huandika papo hapo kwamba Wingless, protini ya ishara kati ya seli, imekwama. Lakini kukosekana kwa Hedgehog, ishara nyingine, huleta sura inayofanana sana na hiyo, maana mwanzoni Wingless hudumisha jeni ya engrailed, na seli za engrailed hutoa Hedgehog inayodumisha wingless. Ngozi peke yake haitenganishi hizo mbili.

Shughulikia kwanza mchango wa mama. Jike mwenye nakala moja nzima hulijaza yai RNA na protini, na kasoro hufichika. Tengeneza kloni za seli za uzazi (seli zisizo na nakala nzima hata moja) kwa FLP, kimeng'enya kinachobadilishana vipande vya kromosomu kwenye sehemu ziitwazo FRT, na ovoD1, mutesheni inayozuia seli zisizo kloni kutoa mayai. Jeni zote mbili ziko mkono wa kushoto wa kromosomu ya 3, hivyo FRT2A, iliyo kwenye mkono huo, inafaa. Pasha mabuu joto la 37°C ili kuwasha FLP, saa 2, siku mbili mfululizo. Shindilia pamba ya kichupa mpaka iwe chini ya usawa wa maji ya beseni. Vinginevyo mabuu hupanda juu kulikimbia joto na kloni zinakuwa chache. Weka pia majike wasiopashwa joto: wakitaga mayai, ovoD1 yako imevuja na matokeo yote hayaaminiki. Madume wawe na balansa (kromosomu maalumu yenye nakala nzima) iliyo na GFP, protini inayong'aa kijani, uvitambue viinitete vilivyopata nakala nzima ya baba.

Kwa ngozi, acha mayai yafikishe saa 24 kwa 25°C, yavue ganda kwa jiki iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, dakika 2 hadi 3, suuza sana, kisha yaweke kwenye kimiminika cha Hoyer's kwa 60°C usiku kucha.

Sasa tenganisha ishara. Washa Armadillo isiyozimika (protini inayopeleka ishara ya Wingless ndani ya seli) kwa GAL4, kiwashi cha jeni: ngozi laini ikirudi, hitilafu iko katika hatua zinazotangulia Armadillo. Washa hedgehog kwa prd-GAL4, halafu tazama eneo la patched, jeni inayowashwa na Hedgehog. Isipopanuka, Hedgehog nayo haipokewi. Kata kiinitete wakati wa gastrula, upake rangi ya kuonyesha Twist, protini ya mesodemu (tabaka la kati la seli): mesodemu isiyosambaa inaelekeza kwa Heartless, kipokezi cha ishara ya FGF, jambo ambalo Wingless haiwezi kulieleza.

Linganisha na tout-velu, jeni nyingine ya kutengeneza heparani salfeti, ambayo ikikosekana kwenye kiinitete huigonga Hedgehog huku Wingless na FGF zikiendelea. Na kumbuka kukosa sfl huharibu minyororo ya Dally, Dally-like, Syndecan na Perlecan, protini zinazobeba heparani salfeti, kwa pamoja. Ukitaka kutaja protini moja, iondoe hiyo peke yake. Kwa Hedgehog kwenye kiinitete, anza na Dally-like.