Nikiuzika mzoga wenye sumu kabla hakujakucha, tumbusi watapona?

SWALI: Shikamoo daktari. Mimi ni mfugaji huku Simanjiro, mwezi huu fisi wamenilia mbuzi wanne na ndama mmoja. Jirani ananishauri niweke dawa kwenye mzoga usiku, halafu alfajiri niuzike ili tumbusi wasiukute, afe fisi peke yake. Hii inafanya kazi? Na ni dawa gani ambayo haidhuru ndege?

JIBU: Marahaba, na pole sana, mbuzi wanne na ndama ndani ya mwezi mmoja ni ada ya mtoto imeondoka hiyo. Ila jibu langu ni hapana kwa yote mawili. Dawa inayoua fisi ikaacha ndege haipo, na kuuzika mzoga alfajiri hakusaidii kitu.

Hili swali naulizwa mara nyingi mno na karibu kila anayeuliza keshapewa ushauri na mtu asiyewahi kuona sumu inavyofanya kazi porini, mara nyingi muuza duka la pembejeo ambaye anajua kabisa kopo analouza ni la wadudu wa shambani, na bado anamwambia mfugaji "weka kidogo tu". Hiyo "kidogo tu" ndiyo inayonikera kuliko yote. Watu wanaamini sumu inamtafuta mwenye kosa. Haiko hivyo, inamkuta yeyote aliyekula.

Fuata usiku wenyewe unavyokwenda. Fisi anakula, hafi palepale pembeni ya boma ukamwona, anaondoka na tumbo lake, anatapika njiani, anaenda kufia korongoni huko au kichakani mbali kabisa. Bweha naye kapita kala. Mbwa wako aliyelegezwa kamba naye kala. Alfajiri wewe unazika ule mzoga mmoja unaoujua, halafu porini umeacha mizoga mingine usiyoijua iko wapi, na yote ina sumu, na matapishi nayo yana sumu. Jua likipanda tumbusi wanaruka. Tumbusi wetu hawatafuti kwa harufu, wanatafuta kwa macho, na hawaangalii chini tu, wanaangaliana wao kwa wao, mmoja akianza kushuka wa mbali anamwona, wa mbali zaidi anamwona huyo wa pili, kwa hiyo ndani ya muda mfupi una kundi zima juu ya fisi mmoja aliyekufa. Ndio maana ukisikia tumbusi wamekufa kwa sumu husikii watatu wanne. Mwaka 2019 kule Botswana walikutwa 537 wamekufa kwa tukio moja, na mizoga iliyotiwa sumu ilikuwa ya tembo watatu tu.

Hao wa Botswana lakini hawakuwa wafugaji, walikuwa majangili. Tumbusi wakizunguka juu ya tembo aliyeuawa askari wa wanyamapori wanajua pa kwenda, kwa hiyo jangili anaua mashahidi. Nakuambia hivi ujue kwamba ukitumia sumu unaingia kwenye kapu moja na hao watu hata kama wewe ulikuwa unalinda mbuzi wako, maana Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya Tanzania ya mwaka 2009 hairuhusu mtu kuua wanyamapori kwa sumu.

Na hizi dawa za wadudu sio za mchezo. Furadan kwa mfano, ambayo ilitumika sana kuua simba Kenya mpaka kampuni iliyokuwa inaitengeneza ikaiondoa sokoni Afrika Mashariki mwaka 2009, inazuia mishipa ya fahamu isiweze kuzima ishara inayopeleka kwenye misuli, basi mnyama anatoka mate, anatetemeka, mwisho kifua kinashindwa kuvuta hewa. Mishipa ya fahamu ya mtoto wako inafanya kazi kwa mtindo uleule. Kuondolewa kwake hakukumaliza tatizo, watu walihamia kwenye nyingine. Desemba 2015 simba wa Maasai Mara waliwekewa sumu kwenye mzoga wa ng'ombe, na tumbusi nao wakafa.

Sasa kuna wanaosema, ah, tumbusi si wapo wengi bwana. Walikuwa wengi. Utafiti uliokusanya takwimu za spishi nane za tumbusi wa Afrika ulionyesha wamepungua kwa wastani wa asilimia 62 katika miaka thelathini hivi, na kati ya vifo vilivyoripotiwa, asilimia 61 vilikuwa vya sumu. Tumbusi mgongo-mweupe, huyu wa kawaida kabisa ambaye mfugaji anamwona kila akichinja, tangu 2015 yuko kwenye daraja la hatari kubwa zaidi ya kutoweka duniani, chini ya hapo ni kutokuwepo kabisa porini. Huyu ndege anataga yai moja kwa mwaka, anachukua miaka kadhaa mpaka aanze kuzaa, na kinda anahitaji wazazi wote wawili, mmoja akifa kwa sumu yako kinda naye anafia kwenye kiota. Kuku anarudisha idadi kwa msimu mmoja, huyu ukimuua mia leo mjukuu wako ndiye atakayejua kama walirudi.

Wahindi walishapita huko. Dawa ya maumivu ya ng'ombe, diklofenaki, ilikuwa inawaua tumbusi kwa kuharibu figo kila wakila mzoga wa ng'ombe aliyechomwa hiyo sindano, na ilichukua miaka mpaka 2004 ndipo chanzo kikajulikana, na spishi moja ilipungua kwa zaidi ya asilimia 99 ndani ya miaka kumi na tano hivi. Matumizi yake kwa mifugo yakapigwa marufuku 2006. Mizoga ilibaki inaoza, mbwa wakaongezeka, na kichaa cha mbwa nacho. Yani hakuna aliyekusudia kumuua hata ndege mmoja, na wewe pia hukusudii, lakini matokeo hayaulizi nia.

Halafu kuna waganga. Kuna wanaouza kichwa au ubongo wa tumbusi eti unaonyesha ya kesho, mtu ashinde bahati nasibu. Kule Guinea-Bissau mwaka 2020 waliuawa zaidi ya tumbusi 2,000 kwa sumu na baadhi walikutwa hawana vichwa. Mganga anakuuzia kiungo cha ndege aliyekufa kwa sumu ya shambani halafu anakwambia ukinuse au ukile. Mtu wa namna hiyo mimi simwiti mganga.

Turudi kwako. Kwanza hakikisha ni fisi kweli, nyayo za fisi zinaacha alama za kucha, za simba na chui kwa kawaida hazionyeshi. Fisi anapenya kwenye miiba iliyolegea au anachimba chini, kwa hiyo boma la miiba mitupu ukiona limeanza kukauka jua ni mlango. Huko huko Simanjiro wenzako wengi wana maboma ya wavu wa chuma uliofungwa kwenye miti hai ya jamii ya manemane, ukatafute lililo karibu ukalione. Taa za kuwaka na kuzima, kama alizobuni kijana Richard Turere jirani na hifadhi ya Nairobi, zinasaidia zaidi kwa simba. Na hesabu jioni kila siku, maana kuna mbuzi wanaoliwa si bomani, bali wamesahaulika malishoni.

Ripoti tukio mapema kwa mtendaji wa kijiji na ofisa wanyamapori wa wilaya, kabla mabaki hayajaisha, uliza kama hasara yako inaingia kwenye kifuta jasho cha serikali. Ni kidogo na huchelewa, najua, lakini bila taarifa hakuna kitu.

Na kama jirani keshaweka hiyo dawa usiku wa jana, usiguse mzoga kwa mikono mitupu, funga mbwa, zuia watoto, kaeni pale muwafukuze ndege huku mnawapigia askari wa wanyamapori waje kuuteketeza. Kisha wazungukeni vichaka vyote vya karibu kutafuta waliofia mbali. Nitumie picha ya boma lako pia, nione fisi anaingilia upande gani.