Mpe wakala wa akili mnemba zana ya kutafuta inayojua kusema "sina"

Ukitaka wakala wa akili mnemba, yaani programu inayofanya kazi yenyewe kwa kutumia modeli ya lugha, akusaidie kuchambua vitisho vya mtandaoni, usianze kwa kuhangaika na modeli. Anza na zana atakayoitumia kupekua rekodi. Nimejenga na kurekebisha zana za aina hii, na majibu mabovu niliyoyafuatilia hadi chanzo chake, mengi yalianzia kwenye utafutaji. Modeli ilikuwa imepewa rekodi zisizohusika, nayo ikazitungia maelezo yanayosomeka vizuri kabisa.

Mtindo wa siku hizi ni kukatakata ripoti zote vipande vipande, kuvigeuza vekta, yaani safu za namba zinazowakilisha maana, kisha kutafuta kwa ukaribu wa maana. Kwa maswali ya maelezo, njia hiyo naipenda. Uliza kuhusu wavamizi wanaoingia kwa barua pepe za hadaa kisha wakaendesha PowerShell, programu ya kuandika amri kwenye Windows, utaletewa hata ripoti iliyoandikwa kwa maneno tofauti na yako. Shida ni kwamba rekodi za vitisho zimejaa vitambulisho, na kitambulisho ama ni chenyewe ama sicho.

Chukua CVE-2021-44228 (CVE ni namba ya usajili wa udhaifu wa programu), yaani Log4Shell, udhaifu wa Log4j, maktaba ya Java ya kuandika kumbukumbu za programu, uliopewa alama 10 kati ya 10 kwenye CVSS, kipimo cha ukali wa udhaifu. Halafu kuna CVE-2021-45046, uliosajiliwa baada ya kubainika kwamba marekebisho ya toleo 2.15.0 hayakuziba tundu lote katika baadhi ya mipangilio. Namba hizi mbili zinatajwa kwenye ripoti zilezile, mara nyingi katika aya moja, hivyo kwa vekta ni mapacha. Kwa anayeamua aweke toleo gani kwenye seva, kuzichanganya ni hatari. Hashi, yaani alama ya utambulisho inayokokotolewa kutoka kwenye faili, ndiyo mbaya zaidi: herufi moja ikibadilika, hilo ni faili jingine kabisa.

Kwa hiyo, kabla ya kutafuta chochote, zana iangalie umbo la swali. CVE ina umbo lake. Hashi ya MD5 ina herufi na tarakimu 32, SHA-1 ina 40, SHA-256 ina 64. Mbinu za mashambulizi zilizoorodheshwa kwenye MITRE ATT&CK huanza na T na tarakimu nne, kama T1566 ya hadaa. Kazi hiyo haihitaji akili mnemba. Mistari michache ya msimbo inatosha. Kitambulisho kikigundulika, kitafutwe kilivyo, neno kwa neno. Swali la maelezo ndilo liende kwenye vekta, tena likichanganywa na utafutaji wa kawaida wa maneno, kwa sababu majina ya programu hasidi huipotezea vekta dira.

Jambo dogo linalosahaulika: wachambuzi huandika hxxp badala ya http na kuweka nukta ndani ya mabano ya mraba ili mtu asibofye kiungo kibaya kwa bahati mbaya. Rekodi na swali vyote virudishwe kwenye umbo moja, la sivyo zana itakana kitu ilichonacho.

Majina ya makundi ya wavamizi nayo ni fujo. APT29, Cozy Bear na Midnight Blizzard hutumika kwa kundi moja, na Microsoft wenyewe walikuwa wakiliita Nobelium hadi walipobadilisha utaratibu wao wa majina mwaka 2023. Weka jedwali la majina mbadala, ila zana isifute jina lililotumiwa na chanzo. Kila kampuni huchora mipaka ya kundi kwa ushahidi ilionao yenyewe, na mipaka hiyo si lazima ilingane.

Sasa niseme ninachokisisitiza kuliko vyote. Kitambulisho kisipopatikana, zana isilete "kinachokaribiana". Iseme wazi kwamba hakuna rekodi, itaje vyanzo ilivyopekua na lini vilisasishwa mara ya mwisho. Iongeze pia kwamba kutokuwepo kwa rekodi si ushahidi wa usalama. Sentensi hiyo iwe ndani ya jibu la zana lenyewe, kwa sababu wakala ana tabia ya kugeuza "haikupatikana" kuwa "ni salama", na mtu mwenye haraka ataishia hapo.

Rekodi inayopatikana nayo ije na umri wake. Anwani ya IP iliyotumiwa na wavamizi inaweza kuwa ya mteja mwingine kabisa baada ya muda mfupi. STIX 2.1, muundo wa kubadilishana taarifa za vitisho, ina nafasi ya kuonyesha kiashiria kinaanza na kuisha kutumika lini, kiwango cha uhakika kutoka 0 hadi 100, na kama kimebatilishwa. Yote hayo yamfikie wakala. Kwenye udhaifu, onyesha pia kama umo katika orodha ya KEV ya CISA, wakala wa serikali ya Marekani wa usalama wa mtandao, yaani kuna ushahidi kwamba umeshatumika kushambulia. CVSS inapima ukali tu, na mawakala hupenda mno kuitegemea.

Kumbuka pia kwamba sehemu ya maandishi yaliyomo kwenye rekodi imeandikwa na wahalifu wenyewe: barua za hadaa, maneno yaliyofichwa ndani ya programu hasidi. Mtu anaweza kupenyeza humo agizo la kumwambia wakala atangaze faili kuwa salama. Zana iwe ya kusoma tu, na maandishi hayo yatengwe kama ushahidi. Ngazi za TLP, zinazosema nani aruhusiwe kupewa taarifa (RED ndiyo kali zaidi), nazo zilindwe na zana, kwa ruhusa za anayeuliza. Kumwandikia wakala "usitoe rekodi za TLP:RED" ni kumwomba tu.

Mkishamaliza, tengeneza hashi ya nasibu ya SHA-256 isiyo ya faili lolote, umuulize wakala ni ya programu gani. Akikutajia jina, rudini kwenye zana kabla ya kumkabidhi kazi yoyote.