Jibu: White Sox 29, Athletics 6, si makosa ya uchapaji

Salama mkuu. Umekwama hapa: kwenye jedwali la matokeo la mechi ya besiboli ya Marekani ya 23 Aprili 1955, Chicago White Sox dhidi ya Kansas City Athletics, unaona 29 mara mbili, na kila orodha ya rekodi ya mikimbio mingi zaidi katika mechi moja inakupa jibu lake.

Anza na safu za jedwali. Ya kwanza ni mikimbio, yaani pointi za timu, ya pili ni mipigo, yaani mara ambazo mpigaji alipiga mpira akafika kituoni salama. Siku ile Chicago walipata mikimbio 29 kwa mipigo 29, basi. Nami niliwahi kudhani mchapaji kasinzia.

Kisha tazama orodha yako ilichapishwa mwaka gani. Kwenye ligi ya American, ambayo White Sox wamo, Boston Red Sox walifunga 29 dhidi ya St. Louis Browns mwaka 1950. White Sox wakaifikia tu, hawakuivunja. Texas Rangers ndio walioivunja 2007 kwa 30. Ukikuta 36, hiyo ni ya Chicago 1897, ligi nyingine, yaani National, usiichanganye.

Mechi yenyewe ilichezwa Kansas City, na wenyeji walikuwa na wiki mbili hivi tu tangu waanze msimu wao wa kwanza mjini hapo baada ya kuhama Philadelphia. Maskini! Waligongwa mipigo 7 ya kuvuka uzio. Kwa upande wa Chicago, mipigo ya Bob Nieman ilileta mikimbio 7, na mdakaji Sherm Lollar alipata mipigo miwili ndani ya duru moja (zamu moja ya timu kupiga), akarudia tena duru nyingine. Hilo ndilo mimi ningeliandika kwanza, kabla ya hiyo 29.